Udugu wa Protini na Ushahidi wa Umbo

Jina la Kware, mtaa wa Embakasi Kusini katika upande wa mashariki wa Nairobi, lina pacha wake katika kamusi za Kiswahili, ambako kware ni ndege wa porini anayefanana na kuku mdogo. Lakini mtaa huo haukupewa jina la ndege, kwa kuwa neno lenyewe ni la Kiingereza lenye maana ya machimbo ya mawe, ambalo lilipita katika vinywa vya wakazi mpaka likalingana herufi kwa herufi na jina la ndege yule. Katika mtaa huohuo, kwenye korido moja ya gorofa ya kupangisha, mpangaji mmoja humwita binadamu mtu, jirani yake Mkamba husema mundu, na yule wa chumba cha mwisho aliyetoka Bungoma husema omundu, maneno ambayo sikio huyaona tofauti ingawa yote yalizaliwa na neno moja la kale la Kibantu. Kufanana kusiko na udugu, na udugu uliopoteza kufanana, ni mambo mawili yanayowasumbua wanaisimu tangu zamani, na ndiyo hayohayo yanayowashughulisha wataalamu wanaolinganisha maumbo ya protini na kuyapanga katika koo.

Protini ni mnyororo wa viungo vidogo viitwavyo asidi amino, ambavyo ni vya aina 20 na hufuatana kimoja baada ya kingine kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, na mpangilio wa shanga hizo huamuliwa na jeni. Mnyororo huo haukai umenyooka, bali hujikunja ndani ya seli hadi ukawa kitu chenye urefu, upana na kina, na ni umbo hilo lililokunjwa, wala si uzi wenyewe, linaloiwezesha protini kubeba oksijeni, kumeng'enya chakula au kukamata kijidudu. Mwaka 1951 Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walieleza namna mbili ambazo mnyororo wowote wa protini unaweza kujikunja kwa utaratibu. Ya kwanza ni hesi alfa, ambapo mnyororo hujizungusha kama uzi wa skrubu; ya pili ni bapa beta, ambapo vipande vya mnyororo hulala ubavu kwa ubavu na kushikana, na kwa kuwa kila kipande kina mikunjo midogo ya kupanda na kushuka, bapa zima huwa na sura ya mabati yanayoezeka nyumba za mtaa wa Mukuru. Protini nyingi zilizochunguzwa ni mchanganyiko wa hesi na mabapa hayo, pamoja na vipande vya kuunganisha vinavyopinda kwa njia mbalimbali, na uainishaji wote huanza na maswali mepesi ya ni hesi ngapi zilizopo, ni mabapa mangapi, yamepangwaje na yanafuatana vipi.

Ulinganishaji wa kwanza ulitokea karibu bila kukusudiwa. Huko Cambridge, Uingereza, John Kendrew alitoa mwaka 1958 picha ya kwanza ya umbo la protini, nayo ilikuwa mayoglobini ya nyangumi, protini inayohifadhi oksijeni katika misuli, na miaka miwili baadaye Max Perutz, ambaye alikuwa ameanza kuichunguza hemoglobini mwaka 1937, akatoa umbo la hemoglobini ya farasi. Njia yao ilikuwa kuifanya protini iwe fuwele, kuipiga fuwele hiyo kwa miale ya eksirei, kisha kukokotoa mahali pa atomu kutokana na madoa yaliyoachwa na miale iliyotawanyika. Hemoglobini ina minyororo minne, na ilipoonekana kwamba kila mmoja umejikunja karibu sawa na mayoglobini ya nyangumi, mambo mawili yalidhihirika kwa pamoja: kwamba umbo moja linaweza kumhudumia mnyama wa baharini na mnyama wa nchi kavu, na kwamba umbo hilo linaweza kudumu hata pale shanga za mnyororo zinapobadilika, kwa sababu protini hizo mbili zilipolinganishwa shanga kwa shanga zililingana kwa takriban robo tu.

Ajabu kubwa zaidi iko kwenye mizizi ya jamii ya kunde. Mkulima anayeng'oa mharagwe wenye afya huona kwenye mizizi yake vinundu, na akikipasua kimoja hukuta ndani yake rangi nyekundu kama ya nyama, kwa sababu kimejaa leghemoglobini, protini ya mmea inayoikamata oksijeni ili isiharibu kazi ya bakteria wanaotengeneza mbolea ya naitrojeni. Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa Moscow walitoa umbo la leghemoglobini ya mmea mwingine wa jamii hiyo, nalo likawa lilelile la nyangumi na farasi, ingawa shanga zinazolingana kati ya protini hiyo na hemoglobini ya binadamu hazifiki moja katika tano. Maana yake ni kwamba mmea uliozaa maharagwe ya githeri inayouzwa kandokando ya barabara za Kware ulikuwa na binamu wa mbali sana wa protini inayoipa damu ya mnunuzi rangi yake, na kwamba aliyesoma herufi za minyororo peke yake angeweza kuupita udugu huo bila kuuona. Arthur Lesk na Cyrus Chothia waliolinganisha globini tisa mwaka 1980 walionyesha jinsi hilo linavyowezekana: shanga za ndani zinapobadilika ukubwa, hesi husogea kidogo na kuegemeana upya, lakini kile kishimo kinachoshika chembe ya chuma hulindwa, kwa kuwa kiumbe ambaye kishimo chake kimeharibika hawezi kuacha uzao wa kusimulia habari zake.

Kusema kwamba maumbo mawili yanafanana ni rahisi, lakini kupima kiasi cha kufanana kwao ni kazi nyingine. Njia ya zamani ni kulichukua umbo moja na kuliweka juu ya jingine, kuligeuzageuza mpaka atomu zake zikae karibu kadiri inavyowezekana na atomu za mwenzake, kisha kupima umbali uliobaki kati ya kila jozi kwa kipimo kiitwacho angstromu, ambacho ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita. Umbali huo hupigwa kipeo cha pili, wastani wake hutafutwa, na kipeuo cha pili cha wastani huo huwa ndiyo alama ya tofauti. Kipimo hiki kinapendwa kwa sababu ni chepesi kukokotoa, wala si kwa sababu kinajibu swali linaloulizwa, maana mkia mmoja wa mnyororo uliolegea na kuelekea upande mwingine hutosha kuipandisha alama hata kama sehemu zote nyingine zinalingana, kama vile mpangaji mmoja mwenye deni la miezi sita anavyoweza kulifanya deni la wastani la gorofa nzima lionekane kubwa. Yang Zhang na Jeffrey Skolnick walipendekeza mwaka 2004 kipimo kingine kinachokwenda kutoka 0 hadi 1, ambacho huzipa uzito mdogo jozi zilizo mbalimbali na huzingatia pia urefu wa mnyororo, na kwa kawaida alama inayozidi 0.5 huchukuliwa kuwa dalili ya mkunjo mmoja.

Njia ya Liisa Holm na Chris Sander, waliyoitoa mwaka 1993 kwa jina la Dali, inastahili kuelezwa polepole kwa sababu inakwepa kabisa usumbufu wa kugeuzageuza. Badala ya kulichukua umbo lenyewe, programu yao huandika jedwali la umbali kati ya kila shanga na kila shanga nyingine ya mnyororo uleule, na majedwali ya protini mbili ndiyo yanayolinganishwa. Faida yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kushika ramani ya mitaa: umbali kutoka Kware hadi Pipeline, na kutoka Pipeline hadi Imara Daima, haubadiliki ramani ikishikwa wima, ikilazwa au ikipinduliwa kichwa chini, na kwa hiyo anayelinganisha umbali hahitaji kuuliza kwanza kaskazini iko wapi. Zaidi ya hayo, kipande kidogo cha jedwali moja kinaweza kutafutwa ndani ya jedwali la pili, jambo linalosaidia pale protini mbili zinapokuwa na sehemu moja tu inayofanana huku nyingine zote zikiwa za asili mbalimbali.

Baada ya kupima hufuata kupanga, na hapo ndipo hukumu ya binadamu inapoingia. Michael Levitt na Cyrus Chothia waligawanya protini mwaka 1976 katika makundi manne makubwa, yaani zile za hesi peke yake, zile za mabapa peke yake, zile ambazo hesi na vipande vya bapa hupokezana, na zile ambazo hesi ziko upande mmoja na mabapa upande mwingine. Miaka mitano baadaye Jane Richardson alichora protini nyingi kwa mkono, hesi akizichora kama utepe uliojiviringa na vipande vya bapa kama mishale mipana, na mchoro huo ndio ulioenea katika vitabu vyote vya somo hilo. Makundi hayo makubwa yanaweza kuitwa ngeli, na neno hilo halikosei, kwa sababu aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya anakumbuka jinsi kiboko na kifaru, wenye umbo la ngeli ya KI-VI, wanavyopewa upatanisho wa A-WA kwa kuwa ni viumbe wenye uhai. Umbo lilisema jambo moja, maana ikasema jingine, na mwenye kuandika sarufi akalazimika kuchagua.

Uchaguzi wa namna hiyo uliwakabili Alexey Murzin, Steven Brenner, Tim Hubbard na Chothia huko Cambridge walipotoa mwaka 1995 uainishaji uitwao SCOP, ambao uliegemea zaidi jicho la mtaalamu mzoefu kuliko kompyuta, na pia Christine Orengo, Janet Thornton na wenzao wa University College London walipotoa CATH mwaka 1997, wakiiachia kompyuta sehemu kubwa zaidi ya kazi. CATH ina ngazi nne, na ngazi mbili za katikati huwachanganya wanafunzi mpaka zielezwe kwa mfano wa majengo. Ngazi ya kwanza ni ngeli iliyokwisha tajwa. Ngazi ya pili ni ujenzi, yaani jinsi hesi na mabapa yalivyokaa yakitazamwa kutoka nje, kama vile gorofa mbili za Kware zinavyoweza kuwa na orofa nane kila moja, korido katikati na vyumba kumi kila upande. Ngazi ya tatu ni mfuatano, kwa maana kwamba ndani ya gorofa hizo zinazofanana kwa nje, ngazi za kupandia zinaweza kuwa mwanzo wa korido katika moja na mwisho wa korido katika nyingine, hata anayetoka mlangoni kwenda kwenye paa apite mbele ya vyumba kwa utaratibu tofauti kabisa. Na kwa protini, njia hiyo ambayo mnyororo hupita kutoka hesi moja hadi nyingine ndiyo inayoitwa mkunjo. Ngazi ya nne ni ukoo mkuu, ambapo protini huwekwa pamoja kwa sababu inaaminika kwamba zina babu mmoja.

Kati ya ngazi ya tatu na ya nne kuna pengo ambalo halivukwi kwa rula. Gorofa mbili zinaweza kufanana kwa kuwa fundi ni yuleyule, lakini zinaweza pia kufanana kwa sababu viwanja vyenyewe ni vyembamba na haviruhusu ramani nyingine, na vivyo hivyo sheria za fizikia huruhusu idadi fulani tu ya namna za kuukunja mnyororo bila kuacha mianya ndani yake. Mfano unaojulikana sana ni mkunjo wa pipa, wenye vipande vinane vya bapa vilivyosimama kwa duara na hesi nane zinazovizunguka kwa nje, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1975 katika kimeng'enya cha misuli ya kuku na ukaja kugunduliwa katika vimeng'enya vingi vyenye kazi mbalimbali. Kama mapipa hayo yote ni ya ukoo mmoja au kama baadhi yake yalifikia umbo hilo kila moja kwa njia yake, ni suala lililojadiliwa kwa miongo, na haishangazi kwamba waainishaji wawili walio waangalifu wanaweza kuchora mipaka mahali tofauti.

Kazi ya protini nayo haiwezi kutegemewa kama kitambulisho cha ukoo. Kikombe cha chai ya maziwa na yai la kuchemsha, chakula cha asubuhi cha wengi kabla ya kutembea kwenda viwandani, vina protini mbili zenye babu mmoja na mkunjo mmoja, lakini lisozaimu ya ute wa yai huvunja kuta za bakteria, ilhali alfa-laktalbumini ya maziwa husaidia kutengeneza sukari ya maziwa. Umbo la lisozaimu lilijulikana mwaka 1965, na mwaka 1969 wataalamu walithubutu kujenga kielelezo cha laktalbumini juu ya umbo la ndugu yake kabla ya mtu yeyote kuliona. Lilipoonekana mwaka 1989, katika maziwa ya nyani, kielelezo kile hakikuwa mbali na ukweli. Kwa upande wa pili, subtilisini, kimeng'enya cha bakteria kinachotiwa katika baadhi ya sabuni za unga ili kula madoa ya damu na jasho, na kimotripsini, kimeng'enya cha tumboni kinachomeng'enya nyama, hukata protini kwa mbinu ileile ya shanga tatu zilizosimama pamoja kama mafiga, na bado mikunjo yake haina lolote linalofanana. Hao ni kware wawili: mmoja wa porini, mwingine wa machimboni.

Ghala la kimataifa la maumbo ya protini lilianza mwaka 1971 likiwa na maumbo 7, na mwanzoni mwa 2023 lilikuwa limepita 200,000. Mikunjo haikuongezeka kwa kasi hiyo. Chothia alikuwa amekisia mwaka 1992 kwamba protini nyingi za viumbe vyote zinatokana na koo zisizozidi takriban 1,000, na toleo la SCOP la mwaka 2009 lilihesabu mikunjo 1,195, ishara kwamba maumbile hurudia kazi yake ya zamani mara nyingi zaidi kuliko anavyodhaniwa kufanya mbunifu. Kisha ikaja AlphaFold, programu inayokisia umbo kutokana na mpangilio wa shanga, ambayo mwaka 2022 ilitoa maumbo zaidi ya milioni 200, na Demis Hassabis na John Jumper walioiongoza wakapata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024, pamoja na David Baker. Kulinganisha mamilioni hayo kwa njia ya Dali kungechukua muda usiovumilika, na programu iitwayo Foldseek ikaja na ujanja wa kuyageuza maumbo kuwa maandishi, kila shanga ikipewa herufi moja kati ya 20 kulingana na jirani aliyekaa karibu nayo. Kuna kichekesho hapa: wataalamu waliikimbia lugha ya herufi 20 kwa kuwa ilificha udugu, wakaenda kwenye umbo, na umbo lilipozidi wingi wakalitafsiri tena kwa lugha ya herufi 20.

Pamoja na ustadi wote huo, uainishaji una upofu mmoja ambao Afrika Mashariki inaujua vizuri kuliko sehemu nyingi za dunia. Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba ugonjwa wa selimundu, ambao huzikunja chembe nyekundu za damu zikawa kama mundu na kuziba mishipa kwa maumivu makali, unatokana na hemoglobini iliyo tofauti, na Vernon Ingram akaonyesha mwaka 1957 kwamba tofauti yenyewe ni shanga moja: katika nafasi ya sita ya mnyororo beta wenye shanga 146, asidi ya glutamiki inayopenda maji imeondoka na valini isiyopenda maji imekaa mahali pake. Hemoglobini hiyo ikiwekwa juu ya ile ya kawaida, tofauti inayopimwa ni ndogo kuliko ile inayotokea hemoglobini moja inapopokea na kuachia oksijeni, na kwa hiyo SCOP, CATH na Dali huziweka zote mbili katika ukoo mmoja, mkunjo mmoja, kisanduku kimoja. Wala hazijakosea. Valini ile haikubadilisha mkunjo. Ilichofanya ni kuacha kidoa kinachonata nje ya umbo, ambacho oksijeni inapopungua huingia katika kishimo cha hemoglobini ya jirani, na ya jirani hushika nyingine, mpaka nyuzi ndefu zinajaza chembe nzima na kuipinda. Vipimo vya umbo huchunguza protini ikiwa peke yake, ilhali madhara haya hutokea zinapokuwa nyingi.

Aliyeunganisha ugonjwa huo na malaria ni Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, ambaye alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949 na kukuta kwamba wenye jeni moja ya selimundu walizidi asilimia 20 pwani na karibu na Ziwa Victoria, lakini hawakufika asilimia 1 katika nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba jeni hiyo ikiwa moja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali. Ramani ya Allison sasa imehamia mjini. Gorofa za Kware zina familia kutoka Siaya, Busia na Kilifi zinazoishi katika jiji lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako maambukizi ya malaria ni machache mno kuipa jeni hiyo kazi ya ulinzi, na hivyo mtoto aliyerithi jeni mbili hubeba gharama ya kinga ambayo mtaa wake hauihitaji.

Tiba mojawapo inayotumika kwa watoto hao inarudisha habari kwenye ukoo wa globini. Kabla ya kuzaliwa, mtoto hategemei sana mnyororo beta bali ndugu yake, mnyororo gama, wenye mkunjo uleule na shanga 146 vilevile, ambao huzimwa polepole katika miezi ya kwanza ya maisha. Dawa ya haidroksiyurea huuamsha tena kwa kiasi, na majaribio yaliyofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, yaliwapa dawa hiyo watoto 606 na kuonyesha kwamba vipindi vya maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Sababu mojawapo ya mnyororo gama kufaulu ni kwamba katika nafasi ya 87, ambapo beta ina treonini, gama ina glutamini, shanga iliyokaa mahali panapozuia hemoglobini isishikane vizuri na jirani katika uzi. Hiyo nayo ni tofauti ambayo hakuna mwainishaji wa mikunjo angeiandikia kisanduku kipya.